Mtaa Uliokuwa Ukiomba Elimu

Kila siku asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, mtaa ule ulibaki na watoto, wazee na kuku. Akina mama walikuwa wameshaondoka kwenda soko la jumla, ambako malori ya mboga huingia alfajiri kutoka mashambani. Kazi yao ilikuwa kuchambua nyanya: ngumu kreti hii, zilizoiva kreti ile, zilizopasuka pembeni. Lori halikumsubiri mtu. Aliyechelewa alikuta nafasi yake imekaliwa na mwingine, na siku hiyo alirudi nyumbani mikono mitupu.

Katika nyumba iliyopakana na kibanda cha fundi viatu aliishi msichana wa darasa la sita ambaye bibi yake alimwita Chiriku. Jina hilo lilimkaa barabara, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliamka akiongea, akapiga mswaki akiongea, na hata usingizini, Bibi alisema, alikuwa akibishana na watu. Mama akishaondoka, Chiriku alimwogesha mdogo wake, mtoto mnene wa mashavu waliyemwita Bonge, akamlisha uji, kisha akamwacha kwa Bibi na kukimbilia shule.

Bibi alikuwa na macho makali, masikio makali, na ulimi uliozidi vyote hivyo. Miguu tu ndiyo iliyokuwa imegoma. Kutoka kitandani hadi kizingitini ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Kumlea Bonge aliweza, kwa sababu Bonge naye alikuwa mvivu wa kutembea. Kumbeba na kumpeleka mahali lilikuwa jambo jingine kabisa.

Siku ya gari la matangazo, mtaa mzima ulitetemeka kwa vipaza sauti. Lilipita asubuhi, polepole, likipiga muziki na kutangaza: "Wazazi! Chanjo ni kinga! Mlete mtoto wako zahanati apate chanjo ya surua! Huduma ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana!"

Bonge alikuwa akicheza kwa kutikisa tumbo mpaka anaanguka. Fundi viatu, ambaye wajukuu zake walishaanza kuota ndevu, aliinua nyundo yake juu na kupiga kelele: "Nimeshaelimika! Mnataka nianze kuzaa uzeeni?"

"Hili gari linamwelimisha nani?" Bibi aliuliza kila lilipopita. "Wenye watoto wako sokoni. Naona kuku wetu ndio watakaopata vyeti."

Ukweli ni kwamba gari lile waliliomba wenyewe. Miezi michache kabla, wageni kutoka ofisi ya afya walikuja kuuliza kwa nini watoto wengi wa mtaa ule hawakupata chanjo zote. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole aliyeogopa aibu kuliko alivyoogopa nyoka, alikuwa amepita mlango kwa mlango akionya: "Wageni wanakuja. Tuwe na adabu. Tusianze kumwaga malalamiko yetu kama watu tusio na shukrani." Basi wageni walipouliza tatizo ni nini, mtu mmoja akajibu, "Tunaomba elimu," na wote wakapiga makofi.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la mtaa ule kwa kila kitu. Wakiulizwa kuhusu mbu, waliomba elimu. Wakiulizwa kuhusu maji machafu, waliomba elimu. Ni jibu lisilomuudhi mtu, na wageni hulipenda. Mwaka mmoja lilileta hata fulana za bure zilizoandikwa NAWA MIKONO, na Mama aliivaa yake sokoni mpaka maandishi yakafutika.

Kisha surua ikaingia mtaa wa pili. Mtoto wa huko aliamka na macho mekundu na vipele mwili mzima, homa ikapanda, akalazwa hospitali. Habari zilifika mapema kuliko gari lolote la matangazo. Chiriku alimtazama Bonge akila uji, akakumbuka kwamba tarehe yake ya chanjo ya surua ilikuwa imepita zamani. Siku hiyo alikwenda shule kimya, jambo lililowashangaza hata wenzake.

"Mama, Bonge atachanjwa lini?" aliuliza jioni.

"Nitampeleka, mwanangu. Malori yakipungua tu."

"Malori yatapungua lini?"

"Chiriku, nimechoka. Usinihoji kama polisi."

Malori hayakupungua. Ulikuwa msimu wa nyanya, na yaliingia mengi kuliko kawaida. Mama alirudi mchana akiwa hoi, zahanati ikiwa imeshafunga dirisha la chanjo, akamkumbatia Bonge na kumpapasa paji la uso kutafuta homa. Chiriku alimwona akifanya hivyo kila siku, na kila siku moyo wake ulizidi kuwa mzito.

Mwishowe akaamua. Asubuhi moja badala ya kuchukua mkoba wa shule alichukua kanga. Bibi mwenyewe alimfunga Bonge mgongoni mwa Chiriku, akakaza fundo na kusema, "Nenda haraka. Mama yako akijua umekosa shule, wote wawili tutalala nje." Hakuwa akitania sana. Mama alikuwa na msemo mmoja tu kuhusu shule: anachambua nyanya yeye ili Chiriku asije akachambua.

Zahanati haikuwa mbali kwa mtu mwenye miguu mizima na asiyebeba Bonge. Chiriku alifika akihema, akapanga foleni pamoja na wazazi wachache, akamfikia nesi.

"Mama yuko wapi?" nesi aliuliza.

"Yuko sokoni. Mtoto nimemleta mimi."

"Hakuna mtu mzima mwingine?"

"Yupo Bibi, lakini miguu haimpeleki."

Nesi alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, siwezi kumchoma mtoto sindano bila mzazi au mlezi mtu mzima. Kuna maswali lazima nimuulize, na kuna mambo lazima nimweleze, maana baadaye anaweza kupata homa. Mwambie mama aje. Awahi kabla ya saa sita."

Chiriku alitaka kumwambia kwamba kabla ya saa sita mama yake alikuwa amezama kwenye nyanya hadi kiunoni. Lakini foleni ilimsukuma, akajikuta nje. Njiani alilia, na Bonge, asiyejua lolote, akawa anamvuta nywele na kucheka.

Siku iliyofuata Mwalimu alimuuliza alikuwa wapi. "Bibi alikuwa mgonjwa sana," Chiriku alisema. Mwalimu alisikitika, akawaambia wanafunzi wenzake wampe pole. Darasa zima likasema, "Pole, Chiriku!" kwa pamoja. Alitamani sakafu ipasuke.

Wiki haikupita, Mwenyekiti akapita tena mlango kwa mlango. Kulikuwa na mkutano Jumamosi alasiri, shuleni. Ofisi ya afya ilikuwa imeandika rasimu ya sheria ndogo, yaani sheria ambayo bado haijapitishwa na wananchi wanatakiwa kuitolea maoni kwanza. Ilisema mzazi ambaye mtoto wake hana chanjo zote atatozwa faini, na mtoto huyo hatapokelewa chekechea.

"Njooni wote," Mwenyekiti alisema. "Na kumbukeni, adabu."

Siku ya mkutano watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama alikaa nyuma kabisa pamoja na wenzake wa sokoni. Chiriku alikaa pembeni yake, amempakata Bonge aliyekuwa akitafuna kona ya kanga. Nesi wa zahanati alikuwepo. Mwalimu pia alikuwepo, amesimama karibu na dirisha kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa darasa.

Afisa wa afya alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, aliyeitafuta miwani yake mezani huku ameivaa kichwani. Alipoonyeshwa alicheka mwenyewe, akaisoma rasimu yote, kisha akaiweka chini.

"Nitasema wazi, sifurahii faini," alisema. "Lakini tuliwauliza tatizo, mkasema elimu. Tumewaletea gari la matangazo, limepita na kupita. Watoto bado hawaji, na surua iko mtaa wa pili. Kwa hiyo nawauliza tena. Tatizo ni nini?"

Watu walitazama ubao kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Elimu bado haijatosha!" sauti ya mwanamume ilisikika kutoka katikati.

Makofi yakapigwa. Afisa akashusha pumzi, akachukua kalamu. Chiriku aligeuka akamwona mama yake naye anapiga makofi, kwa mikono ileile ambayo kila siku ilimpapasa Bonge paji la uso.

"Si kweli!"

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mama alimfinya paja. Mwenyekiti akainuka nusu.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza, ingawa alikuwa akimjua tangu azaliwe.

"Mwache, mzee wangu," Afisa alisema. "Binti, simama. Ni nini ambacho si kweli?"

Chiriku alimkabidhi Mama yule mtoto, akasimama. Mdomo uliokuwa haujui likizo ukakauka. Mbele yake aliona migongo ya watu wazima ikigeuka kuwa nyuso. Karibu na dirisha alimwona Mwalimu. Hapo ndipo alipotambua kwamba akisema ukweli mmoja, ule mwingine nao utatoka. Hakuna namna ya kueleza habari ya zahanati bila kueleza kwamba Bibi hakuumwa hata kidogo. Alikaribia kukaa. Kisha Bonge akapiga chafya, chafya ndogo tu ya vumbi, na Chiriku akashtuka kama amesikia bomu.

"Si kweli kwamba hawajui," alisema. "Mama yangu anajua chanjo. Wote wanajua. Hata mimi tangazo nimelikariri." Akalikariri lote, mpaka saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kwa sauti ya yule mtu wa kwenye gari. Watu wakaangua kicheko. "Lakini gari likipita, wao wako sokoni wanachambua nyanya. Na wao wakirudi, dirisha la chanjo limefungwa. Anayelisikia tangazo ni Bibi, na fundi viatu, na kuku."

"Una hakika?" Afisa aliuliza.

"Nilimpeleka mdogo wangu mimi mwenyewe. Nilirudishwa kwa sababu mimi ni mtoto." Akamgeukia Mwalimu. "Siku hiyo nilitoroka shule. Mwalimu, Bibi hakuwa mgonjwa. Nilikudanganya. Nisamehe."

Nesi aliinamisha kichwa, maana alimkumbuka. Mama alikuwa amemkazia macho binti yake, mdomo wazi, na Chiriku alijua kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari ile. Alikaa akingoja kufinywa mara ya pili.

Badala yake Mama alisimama, Bonge kiunoni.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. "Nimepiga makofi sasa hivi, na mara ile ya kwanza nilipiga pia. Naona haya. Anachosema mtoto ni kweli. Nikiacha lori niende zahanati, napoteza nafasi. Nisipoacha, huyu hapati chanjo. Sasa mkinitoza faini, nitafanyaje? Nitakwenda sokoni mapema zaidi nikatafute hela ya faini, na mtoto atabaki vilevile bila chanjo. Hatukatai sindano, dada yangu. Tunaitaka mno. Tupeni saa ambayo tuna miguu ya kuifikia."

Ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Mama mmoja akasema watoto wake wawili hawana chanjo. Mwingine akasema alimkimbilia nesi siku moja na fulana iliyolowa nyanya, akamkuta anafunga boksi. Mwanamume aliyetaka elimu naye akainuka, akajikuna kisogo, akasema kwa kweli yeye mke wake yuko sokoni na yeye yuko kwenye kiwanda cha matofali, na elimu ya chanjo wanayo mpaka ya kugawa.

Afisa alimgeukia nesi. "Kwa nini tunafunga saa sita?"

"Hatuna friji," nesi alijibu. "Chanjo zinaletwa asubuhi kwa pikipiki ndani ya boksi la barafu. Saa sita boksi linahamishiwa zahanati ya pili, nao wahudumie mchana. Na kichupa cha surua kikishafunguliwa hakilazwi hadi kesho. Wakija watoto wachache, dawa inayobaki yote naimwaga. Naumia kila siku."

"Kwani hilo boksi," Mama aliuliza, "haliwezi kuanzia kule likamalizia huku?"

Nesi akamtazama Afisa. Afisa akaanza kutabasamu.

"Huenda likaweza," alisema. "Lakini sitaamua hapa. Kule nako kuna watu. Nitakwenda kuwauliza kwanza, nisije nikawatua ninyi mzigo nikawatwisha wao. Na niseme kosa langu. Gari limezunguka mtaani kwenu muda wote huu, na sikuuliza hata mara moja nani yuko nyumbani linapopita."

Mwenyekiti alisimama polepole. "Kosa ni langu zaidi. Mimi ndiye niliyewafunga watu mdomo nikidhani nalinda heshima ya mtaa." Akajipangusa jasho. "Mwenye neno jingine aseme. Leo hatumalizi mpaka tumalize."

Walirudi nyumbani jua likiinama. Walipokaribia kibanda cha fundi viatu, Mama akapunguza mwendo.

"Ulitoroka shule."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukamdanganya Mwalimu."

"Ndiyo, Mama."

"Hilo utalibeba mwenyewe. Akikupa adhabu, usije kulia kwangu." Alitembea hatua chache, kisha akaufunika mkono wa Chiriku kwa wake. "Kumbe ulimbeba Bonge mgongoni mpaka kule. Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuwa nakwambia kila siku. Ulisema nakuhoji kama polisi."

Mama alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa machozi. Alisimama pale njiani akajifuta kwa mgongo wa mkono.

Mwalimu alimpa Chiriku adhabu ya kubaki baada ya masomo, akamilishe kazi zote za siku aliyotoroka na kufagia darasa. Alipomaliza, Mwalimu alimpokea ufagio na kumwambia kwamba safari nyingine nyumbani kukiwa na shida, aje aseme shida yenyewe, siyo ya kutunga.

Majibu hayakuchukua muda. Watu wa zahanati ya pili, walipoulizwa, walifurahi kupita kiasi. Kumbe wao walikuwa wakienda mashambani mchana, na asubuhi ndiyo iliyowafaa tangu zamani. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Katika rasimu mpya vipengele vya faini na chekechea vilifutwa. Mahali pake paliandikwa kwamba saa za chanjo zitapangwa pamoja na wakazi, na kwamba watachagua wenzao wa kukaa kwenye kamati ya zahanati. Mama alichaguliwa. Alikataa, akakataliwa kukataa kwake.

Siku ya kwanza ya chanjo za alasiri, akina mama walitoka sokoni moja kwa moja, wengine wakiwa bado na vumbi la kreti kichwani. Foleni ilifika barabarani. Nesi alifungua kichupa cha kwanza, akafungua cha pili, na hakumwaga hata tone.

Zamu ya Bonge ilipofika, nesi alimuuliza Mama maswali yake yote, akamweleza la kufanya homa ikija, kisha akachoma sindano. Bonge alinyamaza kidogo kana kwamba anatafakari, halafu akapiga yowe lililowafanya watoto wote kwenye foleni waanze kulia kabla ya zamu zao. Mama alimkumbatia, naye machozi yakamtiririka. Alikuwa akicheka.

"Imekwisha," alisema. "Imekwisha, baba. Mama amekuja."

Chiriku alihisi mzigo aliokuwa ameubeba kwa wiki nyingi ukimtoka mabegani. Akaanza kuongea, na hakunyamaza hata walipoishika njia ya kurudi nyumbani. Mama alimwacha aongee. Bonge alikuwa ameshalala begani, plasta ikiwa mkononi.

"Chiriku," Mama alisema mwishowe, "sasa nisikilize mimi. Nilipiga makofi nikidhani ndiyo adabu. Kumbe nilikuwa naficha shida ya mwanangu mbele ya mtu aliyekuja kuiuliza. Wanaotunga sheria za afya hawaishi nyumbani kwetu. Hawajui lori linaingia saa ngapi, wala miguu ya Bibi ikoje. Tusipowaambia, watatunga sheria nzuri kwa ajili ya watu wengine, halafu sisi ndio tutakaotakiwa kuzifuata. Kusema ukweli kwa heshima si utovu wa adabu. Ni wajibu wetu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Vizuri. Jumamosi kuna kikao cha maji machafu." Alimsogeza Bonge bega la pili. "Tutawahi. Safari hii tunakaa mbele."